Mama Vizibo na Hesabu ya Rafu Ishirini na Sita

Saa mbili na robo asubuhi, Mama Vizibo yuko juu ya ngazi, kichwa kinakaribia kugusa bati, na mkono wake wa kulia umezama ndani ya boksi la sili za mpira.

“Kumi na saba. Kumi na nane. Kumi na tisa,” anahesabu kwa sauti. “Na vizibo viwili. Alama ya duara.”

Chini ya ngazi, mpakiaji wa mizigo ambaye wenzake humwita Winchi anaitikia kama mwitikiaji wa wimbo: “Kumi na tisa, na viwili vya duara!”

Kwenye meza iliyoundwa kwa kreti mbili na ubao, mtaalamu wa programu anainamia kompyuta. Hata Winchi, ambaye si mtu wa kunyamaza, ameziba mdomo kwa kiganja.

“Ishirini na moja,” mtaalamu anasema hatimaye. “Kumi na tisa ndani, mbili kwa fundi. Sawasawa.”

“Haya, piga mstari!” anasema Mama Vizibo kutoka juu, na Winchi anapiga mstari kwenye karatasi kwa nguvu hadi kalamu inatoboa.

Rafu ya kumi na nne imekwisha. Zimebaki kumi na mbili, na siku mbili, leo na kesho.

Hii ni stoo ya kampuni inayouza na kutengeneza pampu za maji. Ni vyumba vitatu vilivyofuatana, vina harufu ya grisi na maboksi makavu, na rafu zake za chuma zimepigwa namba kwa rangi nyeupe. Ndani yake kuna aina 1,840 za vipuri, kuanzia shafti ndefu kumzidi mtu hadi vipete vidogo ambavyo ukipiga chafya umevipoteza.

Kwa miaka mingi, kumbukumbu za vitu hivyo vyote zilikaa kwenye kadi ngumu za manila ndani ya masanduku ya mbao. Mwezi ujao zinatakiwa kuhamia kwenye kompyuta. Mkurugenzi ametoa siku tatu za kufunga duka ili kila kitu kilichoko rafuni kihesabiwe na kulinganishwa na kilichoko ndani ya programu. Vikikubaliana, programu inaanza. Visipokubaliana, kadi zinarudi, na huenda zikarudi moja kwa moja, kwa sababu hili ni jaribio la pili.

Aliyepewa kazi ya kupanga jaribio hili kuanzia mwanzo hadi mwisho ni mwanamke wa miaka arobaini na mmoja aliyeingia katika kampuni hii akiwa na ndoo na ufagio.

“Watu wakisikia mradi wa kompyuta, wanatafuta mtu wa tai,” anasema akishuka ngazi, akijifuta grisi kwenye kanga aliyojifunga juu ya ovaroli. “Wakifika hapa wananikuta mimi. Wananiuliza, mhusika yuko wapi? Nawaambia, kaa kidogo, anashuka.”

Ili kuelewa jina lake, inabidi kwanza kuelewa kizibo.

Fundi anayefungua pampu iliyokaa kisimani miaka kumi hawezi kujua mapema sili ipi ya kuzuia maji itakaa vizuri. Kwa hiyo huchukua saizi mbili au tatu, akajaribu, kisha akarudisha zilizobaki. Zile zilizotoka hazijauzwa, lakini pia hazimo. Miaka thelathini na mmoja iliyopita, mtunza stoo wa kwanza wa kampuni alitafuta njia rahisi ya kuzikumbuka. Kila kipuri kilichotoka kwa majaribio, aliweka kizibo cha soda mahali pake. Ndani ya kizibo alikwaruza kwa msumari alama ya karakana iliyokichukua: duara, msalaba, mistari miwili, jicho. Kipuri kikirudi, kizibo kinaondoka.

Mtunza stoo huyo bado yupo. Wenzake humwita Babu Beringi, kwa sababu hupima beringi kwa kuizungusha karibu na sikio, akakwambia kama ni nzima kabla hujamaliza kuuliza. Amebakiza siku tisa za kazi kabla ya kustaafu.

Asubuhi hii ameketi kwenye stuli karibu na mlango akipanga gasketi kwa saizi. Hakumbuki siku aliyoanza kutumia vizibo. “Nakumbuka kiu tu,” anasema. “Nilikuwa nakunywa soda nyingi enzi hizo.”

Jaribio la kwanza la programu lilifanyika miaka minne iliyopita. Wageni kutoka kampuni ya programu walitarajiwa Jumatatu kuja kuhesabu mali na kuingiza namba. Ijumaa, ofisi ikatoa agizo: stoo ing’ae.

Mama Vizibo, ambaye wakati huo alikuwa msafishaji na hajawahi kuruhusiwa kupita mlango wa stoo, akakabidhiwa ufunguo.

“Nikaingia, nikaona vizibo kila mahali,” anasimulia. “Nikajiambia, jamani, watu hawa wanakunywa soda mpaka juu ya rafu! Nikaona haya kwa niaba yao. Wageni watasema nini? Nikafagia rafu zote, moja moja, mpaka kona. Nikajaza nusu ndoo. Nilijivunia kazi yangu siku ile, wacha nikwambie. Nilisimama mlangoni nikaiangalia stoo kama bibi harusi.”

Jumatatu Babu Beringi alifika, akasimama katikati ya chumba cha kwanza, akatazama kulia, akatazama kushoto. Kisha akaketi juu ya boksi na kucheka hadi machozi.

“Sikuwa na la kufanya zaidi ya kucheka,” anasema mzee. “Nilimuuliza, mama, ndoo iko wapi? Akaniambia gari la taka limepita jana asubuhi. Basi. Nikacheka tena.”

Kicheko hicho hakikudumu. Wageni walihesabu walichokiona, na programu ikalinganisha na kadi. Palikuwa na upungufu karibu kila rafu, na rafu ya ishirini na sita, ya beringi, ilipungukiwa na beringi arobaini na tatu. Zilikuwa kwa mafundi. Lakini zilikuwa kwa mafundi gani, ni vizibo tu vilivyojua, na vizibo vilikuwa jalalani.

Msafishaji alikwenda ofisini siku hiyohiyo akasema ni yeye aliyefagia. Alisikilizwa kwa heshima. Lakini kwenye fomu hakukuwa na mahali pa kuandika kizibo. Baada ya wiki moja Babu Beringi alipokea barua: upotevu wa beringi arobaini na tatu chini ya uangalizi wake, na makato ya robo ya mshahara kwa miezi sita. Programu yenyewe iliachwa baada ya siku kumi na tisa, kwa kuwa hakuna aliyeiamini tena. Barua ilibaki kwenye faili.

Meneja aliyeiandika amekwishahamia kazi nyingine, na watu wa stoo hawamsemi vibaya. “Alikuwa na namba mbele yake, akaamini namba,” anasema Babu Beringi. “Hata mimi ningeziamini.”

Alichokifanya yeye baada ya kupokea barua ndicho wenzake wanachokisimulia hadi leo. Alikwenda kwa mkuu wa ofisi akaomba msafishaji ahamishiwe stoo awe msaidizi wake. Alipoulizwa kama akili ziko sawa, akajibu kwamba mtu aliyewahi kutupa vizibo mara moja hatavitupa tena maisha yake yote.

“Nililia njia nzima siku ile,” anasema Mama Vizibo. “Mshahara wa usafi ulikuwa unaniaga tarehe kumi na mbili, hata haunipi mkono. Na huyu ninayemkatisha mshahara wake ndiye ananipandisha wangu. Wewe ungelipa nini? Nikasema basi, nitajifunza.”

Akajifunza. Alimaliza shule ya msingi tu, lakini jioni alijiunga na masomo ya kompyuta katika chumba kilicho juu ya duka la vitabu, wanafunzi kumi na wawili, kompyuta nne. Wenzake walikuwa vijana wa umri wa mwanawe. “Walikuwa wananiita shangazi. Nikiwahi kupata kompyuta, wanasema shangazi anatuonea.”

Jina la Mama Vizibo lilianza kama utani wa Winchi. Mwanzoni alinuna. Sasa hata simu yake akipokea husema: “Mama Vizibo hapa, nani mwenzangu?”

Mwaka huu, mkurugenzi alipotangaza mkutanoni kwamba kampuni itajaribu tena programu, aliuliza nani ana swali. Watu wakatazama viatu vyao. Mama Vizibo akanyoosha mkono.

“Safari hii nani atafagia?” akauliza.

Ukumbi ukaangua kicheko. Mkurugenzi hakucheka. Alimwomba aeleze, naye akaeleza kwa nusu saa, amesimama, mikono nyuma. Mwisho mkurugenzi akasema: “Basi mama, panga wewe.”

Daftari alilopangia liko mezani, jalada limelegea, limefungwa kwa mpira wa pampu. Ukurasa wa kwanza una swali moja: Tunataka nini? Alilipeleka kwa kila mtu, watu tisa wa stoo na watatu wa ofisini, akaandika majibu kama yalivyotamkwa. Mkurugenzi alitaka kila jioni ajue cha kuagiza. Winchi alitaka akitumwa boksi asipande ngazi mara tatu. Babu Beringi alisema anataka kompyuta iseme ukweli, “hata kama ukweli wenyewe ni sijui.”

Kutoka kwenye majibu hayo kumi na mawili aliunda sentensi moja, akaibandika ukutani juu ya swichi ya taa ambako kila mtu lazima aione: Mtu akiuliza kitu kiko wapi, jibu liwe moja.

“Kila jambo lililokuja baadaye tulilileta mbele ya karatasi hiyo,” anasema. “Mtu anasema tuongeze hiki, tuongeze kile. Namwuliza, kinasaidia jibu liwe moja? Kama hakisaidii, kikae nje kisubiri.”

Mtaalamu wa programu alifika na mpango wake mwenyewe, uliochapwa vizuri, wa wiki tatu. Mama Vizibo aliusoma wote kwa utulivu, kisha akamrudishia.

“Daktari,” alimwambia, “mgonjwa hujamshika hata mkono, dawa umeshaandika?”

Tangu siku hiyo kijana huyo mwenye miwani minene anaitwa Daktari, na yeye mwenyewe amekubali. Alilazimika kukaa stoo siku nane bila kufungua kompyuta, akibeba maboksi pamoja na Winchi. Siku ya tatu aliokota kizibo rafuni na kuuliza kama kuna pipa la taka karibu.

“Watu wanne walimrukia kwa pamoja!” anasema Winchi akijipiga paja. “Nilidhani atazimia. Mtu kashika kizibo tu, anapigiwa kelele kama kashika nyoka.”

Daktari anasimulia siku hiyo bila aibu. “Programu yetu ilijua ndani na nje. Haikujua mlangoni. Nimefunga programu kwenye kampuni kumi na moja, na sikuwahi kuambiwa kuna mlangoni, kwa sababu sikuwahi kumuuliza mbebaji.”

Alirudi kwa wenzake wakaongeza hali ya tatu. Kwenye rasimu waliiita bidhaa iliyotolewa kwa majaribio kabla ya mauzo. Mama Vizibo akasema hakuna atakayebonyeza kitu kirefu hivyo huku fundi anamsubiri dirishani. Sasa kwenye kioo cha kompyuta, kati ya kitufe cha kupokea na kitufe cha kuuza, kuna kitufe cha duara kilichoandikwa Kizibo.

Hata hivyo hakuruhusu programu iingie stoo nzima. Kwanza waliiweka kwenye rafu moja tu, ya gasketi, kwa wiki mbili, huku kadi zikiendelea kama kawaida. Siku ya nne kompyuta ikaonyesha kwamba kuna gasketi hasi moja.

“Yaani gasketi inatudai sisi!” anasema Winchi.

Walikaa saa nzima wakitafuta chanzo. Ilikuwa hivi: mtu mmoja aliweka kizibo na kukiingiza kwenye kompyuta. Mwenzake akapita, akaona kizibo, akadhani kimesahaulika, naye kwa wema wake akakiingiza tena. Daktari alitaka kuandika mwongozo wa kurasa mbili. Babu Beringi, aliyekuwa akisikiliza tu kutoka kwenye stuli yake, akainuka, akakishika kizibo, akakigeuza.

“Kikilala chali, bado,” akasema. “Kikilala kifudifudi, kimeingia.”

Ndiyo kanuni ya stoo hadi leo. Kizibo kilicholala chali, alama yake ikionekana, bado hakijaingizwa. Aliyekiingiza ndiye anayekigeuza. Mwongozo wa kurasa mbili haukuandikwa.

“Tungeanza na rafu zote ishirini na sita kwa pamoja, tungegundua hilo baada ya mwezi, na vitu mia vinatudai,” anasema Mama Vizibo. “Kosa dogo kwenye rafu moja ni la kucheka. Kwenye stoo nzima ni la kuandikiana barua.”

Neno hilo la mwisho analitamka taratibu, akitazama upande wa stuli.

Kwa maana nyuma ya mpango wote huu kuna jambo ambalo kila mtu hapa analijua. Alipokubali kazi, Mama Vizibo alimwomba mkurugenzi kitu kimoja: barua ya Babu Beringi itoke kwenye faili kabla hajastaafu. Mkurugenzi alimjibu kwamba moyoni anaamini, lakini wakaguzi hawasomi moyo. Rafu ya beringi ikihesabiwa na ikakubaliana na kadi za miaka yote minne, itakuwa imethibitika hakuna kilichopotea, na barua itaondoka.

Kwa hiyo katika miezi mitano ya maandalizi, kazi iliyomchukua muda mrefu zaidi haikuwa ya kompyuta. Alitembea kwa miguu karakana thelathini na nne, daftari mkononi. Kila alipofika alianza na maneno yaleyale: sikuja kudai, nimekuja kuuliza.

Kati ya zile beringi arobaini na tatu, ishirini na tisa zilikuwa zimerudi zenyewe katika miezi iliyofuata ufagiaji ule. Zilibaki kumi na nne. Karakana moja ilimtolea tano kutoka kwenye kopo la maziwa, bado zina karatasi zake. Nyingine, nne. Tano za mwisho zilikuwa zimefungwa kwenye pampu zinazofanya kazi, na mafundi wakasaini kwamba walizilipia pamoja na vipuri vingine, bila kukumbuka kuwa zilitoka kwa majaribio.

“Fundi mmoja aliniambia, mama, miaka minne nasubiri mtu aje kuniuliza,” anasema. “Nikamwambia, pole, nilikuwa najifunza kompyuta.”

Saa tano na nusu, kwenye rafu ya kumi na nane, kicheko kinakatika. Programu inasema vali kubwa sita. Rafuni ziko tano. Hakuna kizibo.

Mama Vizibo anahesabu upya. Winchi anahesabu. Daktari anainuka mezani na kuhesabu kwa kugusa kila moja kwa kidole. Tano. Babu Beringi ameacha gasketi zake, mikono iko magotini.

“Nani alizigusa mara ya mwisho?” Daktari anauliza.

“Tusianze na nani,” anasema Mama Vizibo kwa upole. “Tuanze na wapi.”

Wanatafuta nyuma ya rafu, chini ya rafu, ndani ya maboksi ya jirani. Dakika ishirini zinapita. Winchi anatumwa ofisini kuuliza kama kuna hati ya mauzo iliyosahaulika. Anarudi ameficha kitu nyuma ya mgongo, uso umejaa kicheko ambacho bado hajakiachia.

“Kabla sijakitoa,” anasema, “niahidini hakuna atakayefukuzwa kazi.”

Anaweka vali mezani. Ni nzito, ya shaba, na upande mmoja umesuguliwa na sakafu.

“Imekuwa ikishikilia mlango wa mkurugenzi usijifunge. Mwenyewe anasema aliichukua wakati wa joto!”

Stoo inalipuka. Babu Beringi anacheka akipiga stuli kwa kiganja. Baada ya muda mkurugenzi mwenyewe anatokea mlangoni, mikono juu kama aliyekamatwa, na Mama Vizibo anamkabidhi kizibo na msumari.

“Chagua alama yako, mkubwa. Kila anayechukua kitu hapa ana alama.”

Mkurugenzi anafikiri, kisha anakwaruza mlango mdogo. Anakiweka rafuni, chali. Mama Vizibo anakwenda kwenye kompyuta, anabonyeza kitufe cha duara, anarudi na kukigeuza kifudifudi. Halafu anabonyeza tena kuonyesha kwamba vali imerudi, anakiondoa kizibo na kumpa akitunze.

Tano na moja, sita. Winchi anapiga mstari.

Nyumbani kwa Mama Vizibo, mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu, mume wake ana kibanda cha kunyoa chenye kioo kirefu na viti viwili. Amemvumilia mke mwenye mradi kwa miezi mitano, na analisema hilo kwa fahari isiyofichika.

“Hata chumvi siku hizi anaifanyia majaribio,” anasema akisafisha mashine ya kunyolea kwa brashi. “Naambiwa mume wangu, usiibadilishe sufuria nzima, onja kijiko kwanza. Na kibanda changu ameshakigusa. Wembe ukiisha naweka kizibo. Wateja wananiuliza, kinyozi umeanza kuuza soda?”

Mama Vizibo akirudi nyumbani, mradi hulala kwenye kalenda ya jikoni. Siku za kufundishana zimeandikwa kwa kijani. Hakutaka mwalimu kutoka nje asimame mbele ya watu tisa. Aliwapanga wawili wawili, mmoja mwenye kujua kompyuta na mmoja mwenye kujua vipuri, kila mmoja akiwa mwalimu kwa nusu saa na mwanafunzi kwa nusu saa. Winchi alipangwa na Daktari. Leo Winchi anaandika bila kutazama vitufe, na Daktari anaweza kutofautisha sili ya ishirini na tano na ya ishirini na nane kwa kidole.

“Nilichelewa sana kumpanga mzee,” anakiri Mama Vizibo. Babu Beringi alikuwa ameapa kwamba kompyuta ilimtia aibu mara moja na haitamgusa tena. Hakumlazimisha. Alimwachia kiti kitupu karibu na meza, wiki baada ya wiki. Wiki ya kumi na saba mzee alikivuta na kukaa. “Akaniuliza, binti, hicho kitufe cha duara kinafanya nini? Nikasema, babu, hicho ni chako.”

Saa tisa alasiri, rafu ya ishirini na tano inapigwa mstari. Hakuna kosa zaidi ya ile vali. Imebaki rafu moja.

Mama Vizibo hapandi ngazi. Anaisogeza mbele ya rafu ya ishirini na sita, anaitikisa kuona kama imekaa imara, kisha anasimama pembeni.

“Mzee wangu,” anasema. “Karibu.”

Babu Beringi anavua koti, analitundika kwenye msumari. Hapandi juu kabisa. Anasimama kidato cha pili, mahali anapofikia safu zote kwa urefu wa mkono wake. Rafu hii ina safu tano, na kila safu ina vijiboksi kama kabati la dawa. Anafungua cha kwanza. Anatoa beringi moja, anaizungusha karibu na sikio, anatabasamu, anairudisha.

“Babu, tunahesabu, hatusikilizi muziki,” anasema Winchi.

“Wewe hesabu zako za maboksi. Hizi zinahesabiwa kwa kusalimiana.”

Anasalimiana nazo zote. Anataja namba, Winchi anaitikia, Daktari anajibu. Sawasawa. Sawasawa. Mara mbili anasimama na kusema anataka kurudia, anarudia, inakuwa ileile. Safu ya kwanza inaisha saa kumi kasorobo. Ya pili inaisha saa kumi na moja kasoro dakika kumi. Hakuna hata moja iliyopungua.

Kengele ya kufunga inalia akiwa ameshika kijiboksi cha kwanza cha safu ya tatu.

“Tumalizie, mzee,” anasema Daktari. “Tubaki kidogo tu, zimebaki safu tatu.”

“Kuhesabu kwa haraka ndiko kulikotuleta hapa,” Babu Beringi anajibu, anashuka kidato kimoja. “Kesho ipo.”

Ndipo mkurugenzi anapoingia. Mkononi ana bahasha ya kaki iliyokunjwa pembe. Haangalii mtu mwingine.

“Mzee, nimesikia safu mbili zimekubaliana, na rafu zote nyingine,” anasema. “Mimi nimetosheka. Nimekuja na ile barua. Ichane wewe mwenyewe.”

Mama Vizibo anaziba macho kwa ncha ya kanga.

Babu Beringi anaipokea bahasha kwa mikono miwili. Anaipima uzito kama anavyopima beringi.

“Ahsante, mwanangu,” anasema. “Lakini zimebaki safu tatu. Nataka ichanwe kwa hesabu, si kwa huruma.”

Mkurugenzi anainamisha kichwa na kusema atakuwa hapa saa mbili kamili, na safari hii hatachukua kitu.

Wakati wengine wanazima kompyuta na kufunika meza kwa turubai, Mama Vizibo anaeleza anachokingoja. Kampuni ina tawi la pili lenye stoo kubwa zaidi ya hii, na amekwishaombwa kulipangia. Ameshanunua daftari jipya. Ukurasa wa kwanza ameandika swali lilelile. “Na wa pili nimeandika, muulize msafishaji,” anasema akicheka.

Lakini hayo ni ya mwezi ujao. Kwenye karatasi ya ukutani anaandika ya kesho: Rafu 26, kuanzia safu ya tatu.

Nyuma yake, Babu Beringi ameweka bahasha kwenye rafu, katika nafasi iliyo wazi kati ya safu ya pili na ya tatu. Anatafuta mfukoni, anatoa kizibo, anakiweka juu yake.

Mama Vizibo anageuka, anakitazama kimelala vipi, kisha anazima taa.

Chali.